Mtani Nyuma ya Mlima

Anayedai kwamba mlima hujibu wenyewe, huyo hajawahi kufika nyuma ya mlima. Jiwe halina ulimi. Lingekuwa na ulimi, wenzangu, lingeanza kutusuta sisi tunaolikalia. Mtu akisimama ng'ambo ya bonde akaita, "Wee Kidawa!" na bonde likamrudishia, "...dawa!" basi na ajue kuna mtu amekaa kwenye kigoda, kiuno kinamuuma, chai yake imepoa, naye ndiye aliyelidaka hilo jina hewani, akalikata kichwa, akarudisha mkia.

Nyumba ya kurudishia sauti ilikuwa katika nchi ambayo hata wenyeji wake, ukiwauliza inaitwaje, hujikuna kisogo. Ilichongwa ndani ya jiwe la mlima, ikatobolewa madirisha kuelekea bondeni, na kila dirisha na mtu wake. Waliiita Nyumba ya Mwangwi. Bi Semeni alikaa humo kwenye dirisha la karibu na ngazi, maana magoti yake na ngazi hawakuwa wakisalimiana.

Kazi yenyewe haikutaka kisomo kikubwa. Unangoja. Sauti ikiingia unaiacha itulie kidogo, kama maziwa yaliyochemka, halafu unarudisha mkia wake kwa sauti ileile ya mwenyewe: mtoto umrudishie utoto, mlevi umrudishie ulevi. Usiongeze. Usiulize. Usicheke, na hili la kutocheka ndilo lililomtesa Semeni kuliko kiuno. Juu ya lango ilichongwa kanuni moja tu: DIRISHANI HALITOKI NENO AMBALO HALIKUINGIA. Aliyeivunja alitolewa siku hiyohiyo, dirisha lake likazibwa kwa jiwe, na sauti yake, kwa kuwa imeshazoea kukaa mlimani, ikabaki humo humo ndani. Semeni aliwajua watu waliotoka hivyo. Ukikutana nao sokoni wanaonyesha bei kwa vidole, na wakikosana na wake zao hushindwa kabla ugomvi haujaanza.

Saa hazikuwepo ndani ya nyumba ile, na zingekuwepo zingeona haya, maana sauti hazina adabu ya kufika kwa zamu. Ya jana hufika kesho. Ya mtu ambaye hajazaliwa hupenya asubuhi, ya babu yake ikaja jioni inahema. Siku moja Semeni alipokea sauti ya kitoto cha kike, ya kulialia: "Mama, nimechoka kuchunga!" Akarudisha, kwa uaminifu wa kazi, "...chunga!" Ile sauti ilikuwa yake. Alikumbuka vizuri kabisa siku aliyosimama kilimani na mbuzi wa watu, kamasi zinamtoka, akaomba huruma ya dunia, na dunia ikamwamuru achunge. Akachunga miaka mingine mingi kwa sababu ya amri ile. Kumbe aliyemwamuru ni yeye. Kumbe mtu anaweza kuwa bosi wake mwenyewe asijijue, akajitumikisha utoto wake wote, na akiwa mzee akajilaumu kwa ukali wa bosi. Siku ile hakula muhogo wake. Aliuweka mapajani akautazama, nao ukamtazama.

Sasa Meneja.

Meneja wa nyumba ile aliitwa Mwinchande, mwanamume wa makamo, tumbo limeanza kumtangulia mlangoni. Hakuwa mtu mbaya. Angekuwa mbaya ingekuwa rahisi. Mtu mbaya unamsengenya unashiba, unalala. Huyu alikuwa mwema kwa namna iliyomchosha mtu. Chumba chake kilikuwa juu, kipana, chenye zulia, na hakikuwa na dirisha. Kila asubuhi alishuka kuwasalimu wafanyakazi wake, na hapo ndipo sikio la msikilizaji linapohitaji uangalifu, kwa kuwa ndani ya lango koo ni la mlima. Ukishaingia kazini, lolote likisemwa mbele yako unarudisha mkia. Hata la Meneja. La Meneja hasa.

"Wazee wangu, shikamoo!" husema Meneja, mikono kifuani.

"...moo!" huitikia nyumba nzima, utadhani zizi.

"Sisi hapa ni familia moja!"

"...moja!"

"Kazi mnaiona nzito, au nyepesi?"

"...nyepesi!"

"Je, mna malalamiko, au hamna?"

"...hamna!"

Meneja hupanda ngazi macho yamemlengalenga. Hujisemea, na sauti yake hupenya kwenye nyufa za jiwe mpaka chini: watu hawa, watu hawa jamani, sijui niwafanyie nini.

Saa ya chakula koo hurudi kwa mwenyewe, na wafanyakazi hukaa nje ya lango na vibakuli vyao. Hapo mambo husemwa.

"Mmeona alivyofanya leo?" alianza Mzee Pazi, mkongwe wa madirisha ya juu, ambaye aliwahi kurudisha vita vizima na harusi zake. "'Nzito, au nyepesi.' Angegeuza tu, akasema 'nyepesi, au nzito,' kungekucha! Yule mjanja. Analitia jibu mkiani kama mtu anayemtegea panya kwa dagaa."

"Hajui," alisema Semeni.

"Hajui nini? Meneja wa mwangwi asiyejua mwangwi? Ni sawa na muuza samaki asiyeijua shombo."

"Muuza samaki ndiye asiyeisikia, Mzee Pazi. Wanaoziba pua ni wapita njia."

Wakacheka, lakini Semeni lile jambo halikumtoka. Alilitafuna pamoja na muhogo. Yule juu anasema: nimewauliza, wamenijibu, wana furaha. Hawa chini wanasema: anajua tunachoweza kurudisha, anatuuliza kwa makusudi, anatucheza. Yeye anaona amezungukwa na upendo. Wao wanaona wamezungukwa na mtego. Na maneno ni yaleyale, hayakuongezwa wala kupunguzwa. Mtu akikodi koo la mwenziwe, amekodi nini hasa? Yeye alihesabu amenunua jibu. Wao walihesabu wameazimisha pumzi. Bonde lenye watu linaonekana kwa macho; lipo na bonde jingine, limekatiza katikati ya asubuhi yao, kati ya ngazi ya mwisho na kigoda cha kwanza, na hilo hakuna aliyewahi kulitobolea dirisha.

Tena lilikuwepo jambo la tatu, la Semeni peke yake.

Meneja alipopiga chafya alisema, "Majivu yarudi mekoni." Alisema haraka, chini chini, kama mtu anayeficha lafudhi ya kwao. Lakini Semeni alisikia, na mashavu yakaanza kumwasha. Wasemao hivyo wakipiga chafya ni watu wa Jivu. Naye Semeni ni mtu wa Umande. Hapo zamani Jivu na Umande walipigana mpaka wakachoka, wakaona njaa, wakapika chungu kimoja kwa kukosa kuni za vyungu viwili, na tangu siku hiyo ni watani. Mtu wa Umande akikutana na mtu wa Jivu asimtukane, basi ama anaumwa, ama anamchukia. Na Semeni hakuwa anaumwa wala hakuwa na chuki. Alikuwa na matusi ya miaka, mazuri, yaliyokomaa, yamemjaa mashavuni kama karanga, na kila asubuhi yule Jivu anampita na tumbo lake, tumbo la kutaniwa kabisa, na yeye anatakiwa aseme "...moo."

"Utani uache langoni," Mzee Pazi alimwonya, "pamoja na kandambili."

Akauacha langoni. Lakini siku hazikuacha kusogea.

Meneja alikuwa na desturi moja aliyodhani hakuna aijuaye. Aliamuru madirisha yote yafungwe saa ya chakula, watu wapumzike; kisha siku moja moja alizunguka mlima, akavuka bonde, akasimama ng'ambo peke yake na kuita. Alijua madirisha yamefungwa. Kwa hiyo kitakachojibu, alijiambia, si watu. Kitakuwa mlima wenyewe.

Dirisha la Semeni halikufungika. Bawaba yake ilikuwa mbovu. Na siku ambazo magoti yalikataa ngazi, Semeni alibaki ndani, akala hapohapo kwenye kigoda, na sauti ya Meneja ikamkuta mdomo umejaa.

"Nafanya haki?" iliita sauti kutoka ng'ambo.

Kazi haikuwepo. Saa ya chakula ni ya mtu na tumbo lake. Lakini Semeni alijua kitu ambacho wasiokaa dirishani hawakijui: sauti isiyorudishwa haipotei, huanguka bondeni kama ndege aliyepigwa jiwe, na unaisikia inavyopapatika. Akameza muhogo.

"...haki."

Kisha kwa woga: "Mimi ni mtu mwema?"

"...mwema."

Akamsikia yule mtu wa ng'ambo akishusha pumzi, pumzi ya mtu aliyetua mzigo. Na siku iliyofuata Meneja alishuka ngazi amenyooka, akampita Semeni bila kumtazama, akaenda kuusugua ukuta wa jiwe kwa kiganja, polepole, kama mtu anayemshukuru ng'ombe.

Semeni alitaka kucheka. Badala yake akajikuta anamhurumia, na huruma kwa bosi, wenzangu, ni chakula kigeni: tumbo halijui lianzie wapi.

Ikaja asubuhi ambayo Meneja alishuka amevaa shati la jana. Hakusema shikamoo. Hakuuliza nzito wala nyepesi. Alisema tu, "Kazi iendelee," wakarudisha, "...endelee," naye akatoka nje ya lango bila kupanda juu.

"Leo hata salamu hatustahili," alinung'unika Mzee Pazi saa ya chakula. "Familia moja! Familia ya paka na dagaa."

Semeni hakushuka nao. Magoti, alisema. Na kweli yalikuwa magoti, ila magoti nayo yana sikio. Alikuwa hajalimenya hata ganda la muhogo wake ilipofika ile sauti kutoka ng'ambo, imechanika katikati kama kanga kuukuu.

"Mama!"

"...ma."

"Mama amekufa!"

Mdomo wa Semeni ulikwisha funguka. Miaka ndiyo iliyoufungua, si yeye. Mkia ulikuwa umekaa tayari juu ya ulimi: *kufa*. Akaubana kwa meno.

Kufa. Nimrudishie mtu kufa? Anasema mama yake amekufa, na mimi nimwambie kufa. Kama yule mtoto na mbuzi wake. Chunga. Kufa. Huu mkia una mwiba. Niuachie? Nisipouachia utaanguka bondeni, utapapatika mpaka jioni. Meza. Umeze, Semeni. Hausogei. Ee Mola, neno la silabi mbili limenikaa kooni kama mfupa.

"Yupo mkekani tangu alfajiri!" iliendelea sauti, na sasa haikuwa ya Meneja tena, ilikuwa ya kijana, halafu ya mtoto, inashuka umri kadiri inavyopanda mlima. "Hatuwezi kumwondoa! Hakuna wa kuuvuruga msiba wake! Nimezunguka mji mzima kutafuta mtu wa Umande, hakuna! Nitampata wapi mtani?"

Watu wa Jivu hawamziki mtu wao mpaka mtani afike, aruke, atukane, aigize marehemu, alizuie jeneza. Maiti asiyetaniwa, husema wao, huondoka akidhani aliishi ugenini.

Semeni alilitazama lango, na maandishi yake. Akaufikiria mji wa watu wanaoonyesha bei kwa vidole. Akamfikiria bibi mmoja asiyemjua, amelala mkekani katika nyumba safi, waombolezaji wamekaa kwa adabu, wanaongea taratibu, na hakuna hata mmoja wa kumwambia kwamba alikuwa mtu wao. Mfanyakazi ndani yake akasema, rudisha mkia. Mtani ndani yake akasema, mkia wa nani? Na mashavu, yale mashavu ya miaka, yakafumuka.

"Wee Jivu!" mlima uliunguruma. "Kelele! Unalia kama jogoo aliyemezwa nusu na chatu! Nani kakwambia Umande hatupo? Tupo, tumekaa, tunakutazama na hilo tumbo lako! Na huyo mama yako, ugali wake ulikuwa na madonge mpaka tulijengea ukuta! Na madonge yaliyobaki umekula wewe, ndiyo maana huwezi kuinama! Usithubutu kumzika! Naja kuuvuruga huo msiba, na ole wako nikukute hujanawa uso!"

Ng'ambo ikasikika sauti ambayo Semeni, katika maisha yake yote ya dirishani, hakujua ingekatwa wapi mkia: mtu alikuwa anacheka na kulia kwa pumzi moja.

Meneja alifika akikimbia, vumbi hadi magotini. Watu walikuwa wamekwisha rudi kwenye vigoda.

"Nani amejibu?"

"...jibu!"

"Nauliza, nani?"

"...nani?" waliuliza wote, na lile swali likamrudia mikononi akabaki amelishika, hajui aliweke wapi.

Semeni akasimama, akijishikiza ukutani.

"Marahaba," alisema, kwa sauti yake mwenyewe.

Watu walishtuka hata wakasahau kurudisha, maana ndani ya lango hawakuwahi kuisikia.

"Nini?" Meneja alisema.

"Shikamoo zako. Za asubuhi zote. Zilikuwa zinaning'inia tu hapa ndani, hazina mwenyewe. Marahaba, mwanangu. Na pole na msiba."

Meneja akalitazama dirisha lililo wazi. "Bi Semeni, saa ya chakula madirisha hufungwa."

"Bawaba mbovu."

"Mbona hamkusema?"

"Ulituuliza, 'mna malalamiko, au hamna.'"

Neno lile lilichukua muda kumfikia. Lilikuwa na ngazi nyingi za kupanda. Waliliona linavyopanda: kidevuni, mashavuni, machoni. "Kwa hiyo... siku zote..."

"Kumbe hukuwa unafanya makusudi?" Mzee Pazi alidakia, akasahau kabisa kuwa yuko kazini. "Hiyo ya kulitia mkiani?"

"Mkiani gani, mzee wangu? Mimi nilikuwa nauliza! Nikawa narudi juu nafurahi!"

Hakuna aliyecheka. Walimtazama yule mtu waliyemwogopa kwa werevu ambao hakuwa nao, naye akawatazama watu aliowapenda kwa furaha ambayo hawakuwa nayo, na kwa kitambo kidogo nyumba nzima ilikuwa ya wageni walioingia kwa kukosea mlango.

"Na kule ng'ambo?" Meneja aliuliza taratibu. "Nilipouliza kama mimi ni mtu mwema..."

"Ni mimi. Muhogo mkononi."

"Nilifunga madirisha yote, Bi Semeni. Nilitaka nisikie jibu moja tu ambalo silipii mshahara."

"Ulilisikia. Hukulilipia."

Akajifuta uso kwa mkono wa shati. Kisha akauliza, kama mtoto anayeuliza huku amefumba jicho moja: "Ulikuwa unamaanisha?"

"Siku nyingine," alisema Semeni.

Meneja alitikisa kichwa, akakubali. Lakini macho yake yalikuwa yamekwenda juu ya lango, na wote wakayafuata. "Ile kanuni," alisema, na alionekana amechoka sana. "Ile si yangu. Niliikuta. Nikiiacha leo kwa sababu ya mama yangu, kesho nitawaambia nini wale niliowatoa?"

"Kesho nifukuze," alisema Semeni. "Leo nina msiba wa kuvuruga. Nipe bega, hizi ngazi hazinitaki."

Akampa bega. Waliteremka hivyo, mfukuzaji na mfukuzwa, mmoja akihesabiwa mkubwa na mwingine akimwegemea, na aliyewatazama kwa nyuma asingejua yupi ni yupi. Nyumba yote iliwafuata. Mlima ulibaki bila mtu, na inasemekana mchana ule watu waliita bondeni wakapata kimya, wakadhani wamekuwa viziwi.

Msibani waombolezaji walikuwa wamekaa kwa adabu ileile ya kutisha. Marehemu aliitwa Bi Havijawa. Semeni hakuwahi kumwona. Alivaa kanga ya marehemu, akafunga kilemba chake, akaomba mkongojo wake, kisha akamwita Meneja pembeni.

"Alikuwa anakuitaje?"

"Mwinchi," alisema Meneja kwa aibu. "Alisema, 'Mwinchi, umekula nini wewe?'"

Semeni aliyasikiliza yale maneno kama alivyosikiliza sauti zote, akayaacha yatulie. Maana katika sauti ya mtoto sauti ya mama yake imelala, imejikunja kama paka. Mwenye kujua kazi haongezi kitu, anaiamsha tu. Akageuka, akaingia ukumbini kwa mwendo wa kuburuta mguu ambao hakuna aliyemfundisha.

"Mwinchi! Umekula nini wewe? Mbona umevimba?"

Mwanamke mmoja wa ukoo alipiga yowe. Mwingine akaangua kicheko. Aliyelala mkekani na aliyesimama na mkongojo wakawa hawapambanuki. Kwa muda Bi Havijawa alikuwa msibani kwake mwenyewe, anaonja mchuzi, anausonya, anauliza nani kaweka nazi kidogo hivi, nani kafa hapa mbona mnakula sana. Watu walicheka mpaka wakalia, wakalia mpaka wakacheka. Ule mchana wa adabu ukavunjika vipande, na ndani yake ukatoka msiba wa kweli.

Jeneza lilipoinuliwa, Semeni alikwenda kukaa chini katikati ya njia.

"Haendi mtu!"

Walimpa kuku. Akamtazama kuku, akasema huyu anafanana na Mwinchi, simchukui. Walimpa kitenge. Akajifuta pua. Mzee Pazi alimwinamia sikioni, kofia imepinda kwa haraka.

"Semeni! Hapa mtani haombi akanyimwa. Omba kazi! Omba dirisha lako! Sema sasa!"

Alijua. Alikuwa amejua tangu akiwa kwenye ngazi. Lakini neno lile alipolionja ulimini aliliona lina chumvi isiyo yake. Nikiomba dirisha, hili jeneza linakuwa meza, na huyu mama anakuwa rehani. Nitakuwa nimemgeuza mtani kuwa mfanyakazi palepale alipokuwa huru. Kuna vitu vinaombwa langoni, na kuna vitu vinaombwa njiani kwenda makaburini.

"Nataka mfiwa alie," alisema.

Meneja alikuwa miongoni mwa wabebaji. Aligeuza macho, akawaona nyuma yake: watu wote wa Nyumba ya Mwangwi, wamesimama, midomo imeachana kidogo kama ilivyo midomo yao siku zote. Semeni aliisoma hofu yake. Hakuogopa kulia. Aliogopa wamrudishie. Kila alichowahi kuwapa walimrudishia, kimekatwa kichwa. Akiwapa na hiki, atarudi nyumbani na mkia wa kilio chake.

"Lia, Mwinchi," alisema Semeni, kwa sauti ambayo hata yeye hakujua tena ni ya nani.

"Mamaa!"

Kilitoka tumboni, hakikuwa na adabu, hakikuwa na ofisi. Makoo ya watu wale yalirukaruka. Miaka ilikuwa inayavuta. Mzee Pazi aliivua kofia akaubana mdomo nayo. Mwanamke mmoja aliuma kanga. Wengine walishikana mikono kwa nguvu kama watu wanaozuia mlango usisukumwe. Kilio kikawapita juu ya vichwa, kikaenda bondeni, kikavuka, kikaenda zaidi. Hakuna aliyerudisha. Walimwachia kiwe chake.

Semeni akaondoka njiani.

Walipomaliza kufukia, watu wakawa wananawa mikono kwenye beseni, Meneja alimfuata. Alikuwa na udongo kwenye kucha na uso wa mtu aliyelala usingizi mrefu.

"Bi Semeni," alisema. "Kesho."

"Kesho."

Mzee Pazi ndiye aliyekohoa. "Meneja, samahani. Kwenu na kwetu ni mamoja: neno la mtani halishtakiwi popote. Ila utani ni wa watu wawili. Mmoja akitukana, mwenziwe akakaa kimya na heshima zake, lile linabaki tusi, na tusi lina kanuni. Akijibiwa, ndipo linakuwa utani." Akamtazama. "Sasa sijui wewe unalionaje."

Watu waliacha kunawa. Meneja alisimama wima, akavuta shati, na wote walimwona anavyoitafuta ile lugha yake ya asubuhi. "Ningependa kutoa shukrani zangu za dhati," alianza, "kwa mchango wako mkubwa..."

Watu wakainamisha vichwa. Heshima ile ilikuwa inamfukuza kazi mbele yao, kidogo kidogo, kwa upole wote. Semeni akaanza kuivua kanga ya marehemu, akaikunja pembe kwa pembe, akamnyoshea.

Meneja hakuipokea. Masikio yalikuwa yamemwiva.

"We... we Umande," alisema.

Mtu aliyeshika kata ya maji aliisahau hewani.

"Wewe Umande..." Jasho lilimtoka. Ilionekana wazi hajawahi kumtukana mtu maishani mwake kwa mapenzi. "Wewe... jua likichomoza tu, wewe... umeshakauka!"

Lilikuwa tusi baya sana. Halikuwa na mguu wala mkono. Hata mtoto wa Jivu wa kunyonya angelionea haya. Lilidondoka kati yao, likabaki limelala pale udongoni, na Meneja akalitazama kwa masikitiko.

Semeni alicheka mpaka akakaa chini juu ya nyasi, kanga mapajani.

"Jamani, Mwinchi," alisema, akijifuta machozi. "Hilo tusi ni bichi kabisa. Kalipike, uniletee kesho dirishani."